Mechi Isiyochezwa Ina Pointi za Nani?

Kiwanja chetu cha Kiwalani ni mchanga mtupu. Mpira wa juu ukipigwa, vumbi linatangulia kufika golini, na kila baada ya muda ndege inayokwenda kutua Uwanja wa Julius Nyerere inapita chini kiasi cha kumeza sauti ya filimbi. Jumapili moja, saa kumi jioni, refa wetu alisimama katikati ya kiwanja hicho, mpira kwapani, simu mkononi, anaangalia saa. Upande mmoja timu ilikuwa imekamilika na jezi zimevaliwa. Mistari ya chokaa ilikuwa imepigwa asubuhi ile kwa michango ya watu. Upande wa pili walikuwa sita.

Sheria ya mpira, ile ile inayotumika Kombe la Dunia, inasema timu yenye wachezaji pungufu ya saba haiwezi kuanza mechi. Wa saba alikuwa anatoka zamu ya kiwandani, huko Barabara ya Nyerere. Kapteni wao alimsogelea refa na kumwomba kwa adabu: "Refa, tuongezee dakika kumi tu, mwenzetu yuko kwenye daladala, kashafika Vingunguti." Refa akamwonyesha simu. "Kapteni, robo saa nimeshawapa. Na kanuni mlisaini wenyewe." Akapuliza filimbi. Waliokuwepo wakapewa ushindi, pointi tatu na mabao matatu. Kijana wa saba alifika nyavu zinafunguliwa, bado amevaa viatu vya kazini.

Mimi nilikuwa shabiki wa timu ya tatu, ambayo haikucheza siku hiyo. Tulikuwa kundi moja na hizo mbili, na wiki moja kabla tulikuwa tumewafunga hao hao waliofika sita, wakiwa kumi na moja kamili, bao moja kwa bila, la dakika za mwisho, kwa jasho la kukamua. Hesabu za kundi zilipofungwa tulikuwa sawa kwa pointi na wale waliopewa ushindi. Walituzidi kwa tofauti ya mabao mawili. Matatu kati ya mabao yao hayakufungwa na mtu yeyote. Mbuzi wa ubingwa, aliyekuwa amefungwa kwenye mti nyuma ya goli, alikwenda nyumba nyingine.

Refa sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Alifuata kilichoandikwa. Lakini tangu hapo, kila ninaposikia kwenye kijiwe mabishano ya mechi iliyoahirishwa, iliyogomewa au iliyofutwa, huwa naona yanaendeshwa kana kwamba wahusika ni wawili tu, aliyekuja na asiyekuja. Msimamo wa ligi ni mali ya timu zote zilizomo. Mechi moja isipochezwa, kuna mtu wa tatu mahali fulani ambaye hakukosa lolote na hakuulizwa lolote, na bei mara nyingi hulipwa na yeye.

Lugha yetu ya mpira ina majina matatu kwa mechi ambayo haikuchezwa siku yake, na kila jina ni njia tofauti ya kuihesabu. Kuna kiporo, yaani mechi iliyolazwa ili iliwe siku nyingine. Kuna mezani, pale ambapo kamati inakaa, inampa mmoja pointi tatu na mabao matatu na kumnyang'anya mwingine. Na kuna kufutwa, ambapo mechi inatolewa kwenye vitabu kana kwamba haikuwahi kupangwa, au timu nzima inaondolewa na matokeo yake yote yanakwenda nayo. Watu huzungumza kana kwamba hizi ni adhabu za uzito tofauti kwa kosa moja. Mimi naziona kama majibu ya maswali matatu tofauti, na vurugu nyingi za soka letu zimetokana na kutoa jibu la swali moja pale lilipoulizwa jingine.

Tuanze na lile ambalo kila mtu analikumbuka. Usiku wa Machi 7, 2025, Simba ilikwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi ya mwisho. Kesho yake ilikuwa icheze na Yanga, na mwenyeji alikuwa Yanga. Kanuni za ligi zinampa mgeni haki ya kufanya mazoezi angalau mara moja kwenye uwanja wa mechi, kwa muda unaolingana na ule wa mchezo wenyewe. Simba ikasema imezuiwa kuingia na watu wa upande wa wenyeji, na kwa hiyo haitapeleka timu. Mjadala ukageukia kama mgeni alitoa taarifa mapema kwa wanaohusika. Siku ya mechi, Bodi ya Ligi ikatangaza kuahirisha. Yanga ikasema mechi yake ilikuwa ya Machi 8 na haitacheza nyingine, ikadai pointi zake tatu, ikafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, huko Uswisi, ambako iliambiwa imalize kwanza njia za nyumbani. Mechi ikapangwa Juni 15, ikasogezwa tena, ikachezwa Juni 25, siku tatu baada ya timu nyingine zote kumaliza msimu. Yanga ikashinda mabao 2-0 na kuchukua ubingwa.

Hebu tukae kidogo kwenye hesabu, maana hapa ndipo uzito wa jambo unapoonekana. Kabla ya mechi ile ya Juni 25 kila moja kati ya hizo mbili ilikuwa imecheza mechi 29. Yanga ilikuwa na pointi 79, Simba 78. Sasa chukua zile njia. Kama Bodi ingempa Yanga ushindi wa mezani Machi, msimu ungeisha Yanga 82, Simba 78, na hivyo ndivyo ulivyoisha uwanjani. Kama mechi ingefutwa, au kama wote wawili wangehukumiwa kuipoteza, Yanga ingekuwa bingwa kwa pointi 79 dhidi ya 78, pengo la pointi moja. Na kama kamati ingeona kosa ni la mwenyeji aliyemzuia mgeni, ikampa Simba pointi tatu, Simba ingefikisha 81 na kombe lingekwenda Msimbazi. Kwa mechi moja ile, ubingwa wa nchi ulikuwa unaning'inia kwenye kalamu ya wajumbe wachache.

Wapo watakaosema kwamba kwa kuwa matokeo ya uwanjani yalifanana na yale ya mezani ambayo Yanga ilidai, basi hakuna aliyeumia. Siwezi kukubali. Timu haichezi ikiwa haijui ina pointi ngapi kwa namna ile ile inavyocheza ikijua. Simba ambayo ingekuwa imenyang'anywa pointi Machi ingeingia mechi za Aprili na Mei kwa hali nyingine kabisa, na Yanga iliyopewa pointi vilevile. Miezi zaidi ya mitatu ligi ilitembea na shimo katikati ya msimamo, na mtu aliyekuwa anashuka au kupanda daraja alikuwa anacheza na timu mbili ambazo hazikujua msimamo wao halisi.

Kosa kubwa la sakata lile, kwa maoni yangu, ni kwamba kiporo kilitumika kukwepa hukumu. Kuahirisha kunafaa pale ambapo hakuna mkosaji, au pale ambapo mkosaji ni mvua, gonjwa, au daraja lililosombwa. Pale kulikuwa na madai mawili yaliyo wazi. Mwenyeji alimzuia mgeni au hakumzuia. Mgeni alikuwa na sababu ya kutosha ya kutocheza au hakuwa nayo. Yote mawili yanaweza kuchunguzwa ndani ya wiki moja kwa kuwaita walinzi wa geti, meneja wa uwanja na kamisaa wa mechi. Na majibu yake hayalazimiki kuwa upande mmoja. Ningekuwa mjumbe, na ikathibitika kwamba mgeni alizuiwa, ningempiga mwenyeji faini nzito pamoja na kumwondolea haki ya mashabiki kwenye mechi kadhaa za nyumbani. Halafu ningemwambia mgeni kwamba kukosa mazoezi ya usiku mmoja kwenye uwanja anaoufahamu si sababu ya kutoingia uwanjani, na pointi ningemnyima. Hukumu kama hiyo ingewaudhi wote wawili, lakini kila mtu angejua anasimama wapi kabla ya raundi inayofuata.

Linganisha na yaliyotokea miezi mitano tu nyuma yake. Oktoba 2024, Nigeria ilikuwa inakwenda Benghazi kucheza na Libya kufuzu AFCON. Ndege yao ikaelekezwa uwanja mwingine, Al Abraq, wakakaa pale usiku kucha hadi kesho yake bila hoteli wala usafiri, na mwishowe wakarudi kwao bila kucheza. Mechi ilikuwa iwe Oktoba 15. Oktoba 26 CAF ilikuwa imeshatoa uamuzi: Nigeria pointi tatu na mabao matatu, Libya faini ya dola 50,000. Siku kumi na moja. Aliyekosekana uwanjani ndiye aliyepewa ushindi, kwa sababu aliyeonekana amesababisha kukosekana kwake ni mwenyeji. Unaweza kubishana na uzito wa adhabu, lakini huwezi kusema swali halikujibiwa. Nani amesababisha? Akishapatikana, pointi zinafuata njia yake.

Tofauti ya geti la Mkapa na uwanja wa ndege wa Al Abraq ni kipimo: je, madhara aliyotendewa mgeni yalimwondolea uwezo wa kucheza mechi ya haki? Mchezaji aliyelala kwenye viti vya uwanja wa ndege yameshamwondolea. Aliyelala kitandani kwake Dar es Salaam bila kugusa nyasi za Mkapa hayajamwondolea.

Miaka minne kabla ya sakata la geti, uwanja ule ule wa Mkapa, Simba na Yanga zile zile, mwezi Mei tarehe 8, 2021, mechi ilipangwa saa 11 jioni. Siku hiyo hiyo ikasogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga ikafika kwa muda wa awali, ikashika kanuni inayotaka timu ziarifiwe saa 24 kabla, ikaondoka. Simba ikaja kwa muda mpya. Kila mmoja alikuwa amefika uwanjani, na bado hakuna aliyecheza. Hapa mimi siwezi kumpa yeyote kati yao pointi za mwenzake, maana aliyegeuza saa hakuwa Simba wala Yanga. Kiporo kilikuwa jibu sahihi, kikachezwa Julai 3 na Yanga ikashinda kwa bao la Zawadi Mauya. Walioumia walikuwa maelfu waliokata tiketi, wakiwemo majirani zangu wawili waliotoka Kiwalani kwa miguu kwenda Mkapa wakarudi kwa miguu, na hao ndio ambao hakuna kanuni ya pointi inayowakumbuka.

Sasa tuje kwenye kosa lisilo na mkosaji, maana ndilo gumu. Desemba 18, 2021, Simba ilikuwa Bukoba kucheza na Kagera Sugar uwanja wa Kaitaba. Wachezaji wake wengi walikuwa wameshikwa na mafua, na mechi ikaahirishwa. Watu wa Kagera walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Timu ndogo ikiugua, je, ingeahirishiwa? Kiporo kikaliwa Januari 26, 2022, na Kagera ikashinda 1-0. Nimeupenda mfano huu kwa miaka yote kwa sababu haki ilitendeka kwa njia ndefu: mgonjwa hakupokonywa pointi, mwenyeji hakupokonywa mechi yake, na miguu ndiyo iliyoamua.

Wamarekani walilikuta swali hili kwa ukubwa wa kutisha kwenye mpira wao wa vyuo, ule wa mpira mrefu kama yai unaobebwa mkononi. Mwaka 2020 korona ilifuta mechi wiki baada ya wiki. Ligi zao zikakubaliana kwamba mechi isiyochezwa haihesabiki kwa yeyote, haina mshindi wala mshindwa. Inasikika kama haki kamili. Lakini kwa kuwa kila timu inacheza mechi chache tu kwa msimu, kufuta kuligeuza msimamo kichwa chini. Ohio State ilifikisha mechi tano tu za ligi yake, wakati kanuni ilitaka angalau sita ili kucheza fainali. Wakubwa wa ligi hiyo, Big Ten, wakaiondoa kanuni ya sita msimu ukiwa unakaribia kwisha. Ohio State ikacheza fainali, ikaishinda Northwestern 22-10, ikaenda hadi mchezo wa mwisho wa ubingwa wa taifa na kufungwa na Alabama 52-24. Nyuma yake kulikuwa na Indiana, iliyoshinda mechi sita na kupoteza moja tu, tena kwa Ohio State yenyewe. Indiana ndiye mtu wa tatu wa hadithi ile. Ningekuwa shabiki wa Indiana siku kanuni ilipobadilishwa, nisingelala.

Mwaka uliofuata wakageuza kibao. Chanjo zilikuwa zimeshapatikana, na Julai 2021 kamishna wa ligi ya SEC, Greg Sankey, akatangaza kwamba mechi hazitapangwa upya kwa sababu ya korona, na atakayeshindwa kuleta timu atahesabiwa amepoteza. Ligi nyingine kubwa zikafuata njia hiyo. Ugonjwa ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na kitu ambacho timu ingeweza kukifanya kuuzuia, na asiyekifanya akahesabiwa mkosaji. Halafu Desemba kikaja kirusi cha Omicron, kilichowapata hata waliochanjwa, na ligi kadhaa za kikapu za vyuo zikaiondoa adhabu hiyo haraka. Katika miezi kama kumi na minane walikuwa wameshahama kutoka kufuta kwenda mezani na kuanza kurudi. Wengine waliwacheka kwa kuyumba. Mimi nawaona walikuwa wanatafuta kwa bidii mstari kati ya bahati mbaya na uzembe, na mstari ule hauko mahali pamoja siku zote. Kijana wetu wa saba aliyekuwa kwenye daladala, je, alikuwa bahati mbaya au uzembe? Timu yake ilijua zamu yake inaisha saa ngapi. Ilikuwa na majina ishirini kwenye fomu. Wengine kumi na watatu walikuwa wapi?

Kufuta kuna ubaya wake ambao Tanzania tuliulipa kwa fedha taslimu. Machi 23, 2016, Taifa Stars ilikuwa N'Djamena kucheza na Chad kufuzu AFCON ya 2017, na Mbwana Samatta akafunga bao pekee. Tulikuwa na pointi moja ya sare tasa na Nigeria. Tukawa na nne. Siku nne baadaye, mkesha wa mechi ya marudiano hapa Dar es Salaam, Chad ikajitoa mashindanoni kwa kukosa fedha. CAF ikafuata kanuni: matokeo yote ya Chad yakafutwa. Pointi tatu za Samatta zikayeyuka, tukarudi kwenye moja. Kundi likabaki na timu tatu, na mshindi wa pili akanyimwa hata nafasi ya kushindania tiketi za washindi wa pili bora.

Chad ilipigwa faini ya dola 20,000 na kufungiwa mashindano yaliyofuata. Hilo liliwagusa Chad. Sisi je? Mtu anaweza kusema wote tuliumia sawa, kwani Misri na Nigeria nao walipoteza ushindi wao dhidi ya Chad. Kwa karatasi ni kweli. Lakini wao walirudi nyuma hatua tatu tatu wakiwa na akiba mfukoni. Sisi tuliobaki na pointi moja tulirudi kwenye sifuri ya matumaini, na Juni mwaka huo Mohamed Salah akaja Dar es Salaam na kuyazika kwa mabao mawili. Kufuta kunaonekana kama usawa kwa sababu kunamchukulia kila mtu kitu kile kile, na hakuangalii nani alikuwa na nini.

Pamoja na hayo sijasema kufuta kusiwepo. Kuna wakati ndiyo njia pekee iliyo safi. Kenya, mwishoni mwa 2019, SoNy Sugar iliondolewa Ligi Kuu baada ya kushindwa kuleta timu mara ya tatu. Timu ya kampuni ya sukari, kampuni imekauka, wachezaji hawana nauli. Msimu ulikuwa bado mchanga, na ligi ikaendelea na timu 17. Kama kila aliyebaki kwenye ratiba angepewa pointi tatu za bure, wale waliokutana na SoNy mapema na kutoka sare wangeonewa na waliopangiwa kukutana nayo baadaye. Kwa hiyo naona kipimo ni wakati. Timu ikifa kabla ya nusu ya msimu, futa. Ikifa baadaye, zilizochezwa zimechezwa: acha matokeo yabaki, na waliobaki wapewe zao. Jambo moja tu halivumiliki, nalo ni kuamua baada ya kujua nani atanufaika.

Hapo ndipo Uganda walitupita. Korona ilipousimamisha msimu wa 2020, kanuni za shirikisho lao, FUFA, zilikuwa zimeshasema kwamba ikichezwa asilimia 75 ya mechi anayeongoza ni bingwa. Vipers walikuwa wamecheza 25 kati ya 30 wakiwa mbele. Wakapewa. Kenya rais wa shirikisho aliitangaza Gor Mahia bingwa Aprili 30, kampuni inayoendesha ligi ikapinga, shauri likafika baraza la migogoro ya michezo. Gor walikuwa wanaongoza kwa mbali na nadhani wangelichukua kombe hata hivyo, ila walilipokea likiwa na harufu ya ugomvi. Sisi tulisubiri na kurudi uwanjani Juni 13.

Na mezani? Mezani tunakupenda kuliko tunavyokiri. Aprili 2, 2017, Kagera Sugar iliifunga Simba 2-1 pale Kaitaba. Simba ikalalamika kwamba beki Mohamed Fakhi alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Kamati ya Saa 72 ikaipa Simba pointi tatu na mabao matatu. Kamati nyingine ya TFF, ya Katiba, Sheria na Hadhi za Wachezaji, ikazirudisha Kagera. Msimu ulipoisha Yanga ilikuwa na pointi 68 na Simba 68, na ubingwa ukaenda Jangwani, kwa Yanga, kwa tofauti ya mabao. Soma tena kwa utulivu. Pointi tatu zile zingebaki mezani kwa Simba, bingwa angekuwa mwingine. Swali lilikuwa rahisi kuliko yote niliyoyataja: mchezaji ana kadi ngapi? Jibu lake ni namba. Na bado kamati mbili za nyumba moja zilitoa majibu mawili, kwa kuwa kumbukumbu za kadi zenyewe zilikuwa na utata. Ligi isiyoweza kuonyesha hadharani, kila Jumatatu, nani ana kadi ngapi, haina haki ya kumpokonya mtu ushindi alioupata kwa miguu yake.

Nina neno pia juu ya yale mabao matatu. Asili yake inaeleweka: mkosaji asinufaike, na 3-0 ni alama iliyokubalika duniani kwa mechi ya kupewa. Kwa mkosaji sina huruma, apewe hata kumi. Shida ni kwa anayepokea. Pointi tatu zinamfidia mechi aliyonyimwa. Mabao matatu yanamfidia nini? Yanamwongezea silaha dhidi ya mtu wa tatu ambaye alilazimika kucheza na wanaume kumi na mmoja, kwenye jua, kwa bao moja. Mezani itoe pointi, na mkosaji aandikiwe mabao matatu ya kufungwa, lakini anayepewa asiandikiwe bao hata moja la kufunga. Timu zikilingana pointi, zipimwe kwa mechi zilizochezwa kweli na timu zote mbili. Nimelipeleka pendekezo hili kwenye kikao cha mashindano yetu mara mbili. Mara ya kwanza lilikataliwa kwa sababu eti hesabu zitakuwa ngumu.

Kiporo nacho kina sumu yake ya polepole. Msimu wa 2018/19 Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na viporo vyake nyumbani vikarundikana huku Yanga ikiongoza msimamo kwa mechi nyingi zaidi. Mwisho Simba ikamaliza na pointi 93, Yanga 86. Haikuwa kosa la Simba kufuzu Afrika, na sitaki mtu aadhibiwe kwa kufanikiwa. Lakini mwenye viporo anacheza akiwa ameshaona karata za mwenzake. Anajua anahitaji pointi ngapi, na wapinzani anaowakuta mwishoni wengine wameshanusurika kushuka na hawana cha kupigania. Kwa hiyo kiporo kiwe na tarehe ya mwisho kuliwa. Tuseme siku 21, na kwa hali yoyote kabla ya raundi tatu za mwisho, ambazo mechi zake zote zichezwe kwa wakati mmoja. Kiporo cha Juni 25 kilikaa siku 109.

Mashindano ya mbuzi yalirudi tena mwaka huu. Kwenye kikao cha makapteni, chini ya mwembe ulio karibu na kiwanja, katibu alisoma kanuni moja moja, na alipofika kwenye timu kutotokea uwanjani nilinyoosha mkono kwa mara ya pili. Kapteni wa wale sita, ambaye sasa anafundisha timu hiyo, aliniwahi kusimama. Akasema wao mabao matatu wakiandikiwa ni sawa, waliyastahili, lakini yasiandikwe kwa mtu ambaye hakupiga shuti. Katibu akauliza nani anapinga. Hakunyoosha mtu. Akaandika kwa kalamu ya bluu pembeni ya karatasi iliyochapwa, akawapitishia wote wasaini, na kijana wa saba, ambaye siku hizi ana zamu ya asubuhi, akasaini wa kwanza.